Taa ya Ukutani ya LED ya Kujitengenezea Nyumbani: Hesabu Kabla ya Kununua

Nyumba inapoungua, mara nyingi tunasikia kwamba chanzo cha moto ni hitilafu ya umeme. Maneno hayo hutamkwa kana kwamba hitilafu ni jambo linaloshuka kutoka juu, lisilo na mwanzo wala mhusika. Lakini hitilafu huwa na mwanzo wake: waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mzito, kiungio kilicholegea, au kifaa hafifu kilichonunuliwa kwa haraka. Mengi kati ya hayo huamuliwa mbele ya kaunta ya duka, siku nyingi kabla ya moshi kuonekana.

Somo hili linahusu kazi ndogo na ya kupendeza, nayo ni kutengeneza taa ya mapambo ya ukutani kwa kutumia mkanda wa LED. Taa yenyewe ina uso unaoweza kubadilishwa kadiri familia inavyopenda. Tumeichagua kazi hii kwa sababu mikanda ya LED sasa inapatikana kwa urahisi, kuanzia maduka makubwa ya Kariakoo hadi vibanda vya vifaa vya umeme mitaani, na watu wengi huibandika wenyewe bila kumwita fundi. Aidha, taa hizi hupendwa sana vyumbani mwa watoto, ambako huachwa zikiwaka usiku kucha wakati watu wazima wamelala. Kifaa kinachowaka pasipo mtu wa kukiangalia hakina budi kuwa salama tangu siku kinapotengenezwa.

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kutofautisha mkanda salama na ule usiofaa kwa kazi ya nyumbani, kukokotoa ukubwa wa adapta anayohitaji, kuiunda taa hatua kwa hatua, na kutambua mahali ambapo kazi yake inakoma na ya fundi mwenye leseni inaanza.

1. Umeme wa aina mbili ndani ya taa moja

Umeme unaofika kwenye soketi za nyumba zetu ni wa volti 230 na ni wa mkondo geu, yaani hubadili mwelekeo wake kwa mizunguko 50 kila sekunde. Umeme huu unaweza kuua. Kwa upande mwingine, mkanda wa LED tunaoutumia katika somo hili huhitaji volti 12 za mkondo mnyoofu, yaani mkondo unaokwenda upande mmoja tu. Kifaa kinachogeuza umeme wa kwanza kuwa wa pili ni adapta, ile inayofanana na chaja ya kompyuta ndogo.

Ni vema kuichukulia adapta kuwa mpaka. Upande wa soketi ni eneo la hatari, na mtu asiye fundi hapaswi kufungua, kukata wala kuunganisha chochote huko. Upande wa mkanda ni eneo ambalo mtu mzima mwangalifu anaweza kufanya kazi kwa mikono yake. Kanuni ya kwanza ya somo hili ni hiyo: kazi yako yote iwe upande wa volti 12, na adapta inunuliwe ikiwa nzima, imefungwa kiwandani, na isifunguliwe kamwe.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba volti 12 hazina madhara. Volti ndogo humlinda mtu asipigwe na shoti, lakini hazimzuii kuunguza nyumba yake. Joto linalosababisha moto hutokana na wingi wa mkondo, ambao hupimwa kwa ampea, unapopita katika waya mwembamba au kiungio kilicholegea. Ndiyo maana somo hili linaanza na hesabu kabla ya kufika kwenye msumeno na gundi.

2. Mikanda miwili inayofanana

Madukani kuna aina mbili za mikanda ambayo kwa macho ya mnunuzi wa kawaida hufanana sana.

Aina ya kwanza ni mkanda wa volti 12. Kwa kawaida huuzwa katika roli la mita 5, na ni mwembamba na laini kama utepe. Juu yake kuna alama za mahali pa kukatia, na kila alama ina vidoa vya shaba vya kuunganishia nyaya. Katika mkanda wenye taa 60 kwa kila mita, alama hizo hujirudia kila baada ya taa 3, yaani kila sentimita 5. Maandishi ya 12V huonekana kwenye mkanda wenyewe.

Aina ya pili ni mkanda wa volti 220 hadi 240. Huu mara nyingi huuzwa kwa mita, umefunikwa kwa plastiki nene, na sehemu zake za kukatia ziko mbali, aghalabu kila nusu mita au mita nzima. Hauna adapta, bali una plagi yenye kijisanduku kidogo kinachopeleka umeme wa soketi moja kwa moja kwenye mkanda. Ukikatwa vibaya, ukipasuka au ukiachwa wazi kwenye ncha yake, mtu anayeugusa anaugusa umeme uleule ulio ukutani.

Mkanda wa aina ya pili haufai kwa kazi tunayoieleza hapa. Muuzaji anaweza kuusifu kwamba ni wa bei nafuu na hauhitaji adapta. Sifa hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa mpaka tulioueleza hapo juu haupo. Usipoona maandishi ya 12V kwenye mkanda, usiununue.

3. Kuchagua mwanga

LED ni diodi itoayo mwanga. Kwa miaka mingi zilikuwapo za rangi nyekundu na kijani, lakini taa nyeupe za LED hazikuwezekana mpaka ilipopatikana LED ya bluu yenye nguvu. Wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa ugunduzi huo. LED nyeupe za kawaida ni za bluu zilizopakwa unga maalumu wa njano unaoubadili mwanga uwe mweupe.

Namna weupe huo unavyoonekana huelezwa kwa kelvini. Mkanda wa kelvini 2,700 hadi 3,000 hutoa mwanga wa joto, unaokaribia ule wa kandili, na hufaa sebuleni na chumbani. Mkanda wa kelvini 6,500 hutoa mweupe mkali wenye ubluu, unaofaa mahali pa kazi kuliko mahali pa kupumzika. Ipo pia mikanda ya rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, inayoongozwa kwa rimoti. Hiyo huruhusu kubadili rangi upendavyo, ila hutumia umeme mwingi zaidi, kama tutakavyoona.

4. Hesabu inayotangulia manunuzi

Tuchukue mfano wa taa tutakayoitengeneza. Ni sanduku la mbao lenye upana wa ndani wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 30. Ndani yake tutabandika vipande vinne vya mkanda: viwili vya sentimita 35 na viwili vya sentimita 25. Jumla ni sentimita 120, yaani mita 1.2. Vipimo vyote hivyo vinagawanyika kwa 5, hivyo kila kipande kitakatwa kwenye alama yake.

Kila mkanda huwa na kiasi cha wati kwa mita, na kiasi hicho huandikwa kwenye roli au kwenye pakiti. Mkanda mweupe wa kawaida wenye taa ndogo 60 kwa mita hutumia takribani wati 4.8 kwa mita. Hesabu ni hii:

Wati za mkanda: mita 1.2 × wati 4.8 = wati 5.76.

Adapta haipaswi kufanyishwa kazi hadi ukomo wa nguvu zake, kama vile punda asivyopaswa kubebeshwa mzigo wa mwisho anaouweza kila siku. Kwa hiyo ongeza robo ya kiasi ulichopata:

Wati 5.76 + robo yake, yaani 1.44 = wati 7.2.

Ili kupata ampea, gawanya wati kwa volti:

Wati 7.2 ÷ volti 12 = ampea 0.6.

Adapta ya volti 12 na ampea 1 inatosha na kubaki. Ikumbukwe kwamba volti za adapta lazima zilingane na za mkanda, lakini ampea zake zinaweza kuzidi. Mkanda huchukua mkondo unaouhitaji tu, hivyo adapta ya ampea 2 haitauharibu.

Sasa tuone hesabu inapopuuzwa. Mzazi mmoja, kwa mfano, ananunua roli zima la mita 5 la mkanda wa rangi tatu unaotumia wati 14.4 kwa mita, kisha anachukua adapta ya ampea 2 kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Mkanda wake unahitaji wati 72, na adapta yake imetengenezwa kwa wati 24. Taa zitawaka, pengine kwa mwanga hafifu, na ataridhika. Adapta bora itajizima yenyewe inapozidiwa. Adapta hafifu itaendelea kufanya kazi huku ikipata joto, mpaka plastiki yake ilainike na kuyeyuka. Hakuna kitu kwenye mkanda kitakachomwonya mzazi huyo, kwa sababu tatizo haliko kwenye taa anazozitazama, liko kwenye kijisanduku kilicho nyuma ya kitanda.

5. Mambo ya kukagua dukani

Omba kuiona adapta kabla ya kulipa, na usome lebo yake kwa utulivu. Kagua mambo yafuatayo:

a) Mbele ya neno INPUT paandikwe 100–240V na 50/60Hz. Adapta ya namna hii huhimili vizuri zaidi umeme unaopungua na kuongezeka.

b) Mbele ya neno OUTPUT paandikwe 12V pamoja na ampea zake, na kando yake pawe na alama ya mstari mnyoofu wenye vistari vilivyokatikakatika chini yake. Alama hiyo huonyesha mkondo mnyoofu.

c) Pawe na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba kifaa kina kinga maradufu dhidi ya umeme.

d) Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), pamoja na jina la mtengenezaji. Lebo yenye maneno yaliyokosewa tahajia, isiyo na jina lolote, au inayobanduka kwa ukucha ni dalili ya bidhaa bandia.

e) Ipime mkononi. Adapta iliyo nyepesi mno ikilinganishwa na nyingine ya nguvu ileile hutia shaka.

f) Angalia plagi. Soketi zetu ni za matundu matatu yenye umbo la mstatili. Adapta nyingi huja na plagi ya miguu miwili ya duara, na watu huzoea kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti ili miguu hiyo iingie. Tabia hii ni ya hatari. Huondoa kinga iliyowekwa kwenye soketi, na plagi huingia bila kushika sawasawa, hivyo hutoa cheche na joto. Nunua adapta yenye plagi ya miguu mitatu inayolingana na soketi.

Dai stakabadhi ya mashine ya EFD yenye jina la duka, tarehe na bidhaa uliyonunua. Bila stakabadhi, dai lako siku kifaa kitakapoharibika litakuwa gumu kulithibitisha.

6. Vifaa vinavyohitajika

Andaa mkanda mweupe wa LED wa volti 12 usiopungua mita 1.2, adapta ya volti 12 na ampea 1, kiungio chenye skrubu mbili zilizoandikwa + na −, ambacho kichwa cha duara cha waya wa adapta huingia, nyaya laini nyekundu na nyeusi, mbao za upana wa sentimita 6 kwa ajili ya fremu, plaiwudi ya milimita 6 kwa mgongo na ya milimita 3 kwa nyuso, na bamba la plastiki nyeupe linalopitisha mwanga bila kuonyesha kilicho nyuma yake. Pia utahitaji msumeno, sandpepa, gundi ya mbao, mkasi, bisibisi, pamoja na pasi ya kuchomelea na risasi yake. Asiye na pasi anaweza kutumia viunganishi vya kubana vinavyouzwa kwa ajili ya mikanda hii, mradi vilingane na upana wa mkanda wake.

7. Hatua za utengenezaji

Hatua ya 1: Fremu. Kata mbao na kuziunganisha kuwa sanduku lenye vipimo vya ndani vya sentimita 40 kwa 30. Kabla ya kuunganisha, chonga mifereji miwili sambamba kwenye upande wa mbele wa mbao za chini na za pembeni: mmoja wa bamba la plastiki, mwingine wa uso wa mapambo. Ubao wa juu uwe mfupi kidogo kwa kina, ili bamba na uso viweze kutelezeshwa kuingia na kutoka kutoka juu. Mifereji hiyo ndiyo inayoifanya taa iweze kubadilishwa sura bila kugusa waya wowote.

Hatua ya 2: Mgongo. Toboa matundu machache ya hewa sehemu ya juu ya plaiwudi ya mgongo, na tundu moja la waya sehemu ya chini. Paka rangi nyeupe ndani ya sanduku ili mwanga usambae. Acha rangi ikauke kabisa.

Hatua ya 3: Kukata mkanda. Kata kwa mkasi katikati ya vidoa vya shaba, juu ya alama. Ukikata nje ya alama, taa za kipande hicho hazitawaka. Mkanda usiunganishwe na umeme wakati wa kukata.

Hatua ya 4: Kuunganisha. Panga vipande vinne kwa mfuatano, kisha viunganishe kwenye pembe tatu kwa nyaya fupi: nyekundu kutoka + kwenda +, nyeusi kutoka − kwenda −. Usikunje mkanda kwa pembe kali, kwani njia zake za shaba hukatika. Ncha ya mwisho na ncha ya kwanza zisikutanishwe. Funika kila kiungio kwa mpira mwembamba unaosinyaa kwa joto au kwa tepu ya umeme, ili nyekundu na nyeusi zisigusane. Vuta kila kiungio kidogo kwa vidole. Kikichomoka sasa, shukuru, kisha ukitengeneze upya.

Hatua ya 5: Jaribio la mezani. Kabla ya kubandika chochote, tandaza mkanda mezani, unganisha kiungio chenye skrubu, kisha chomeka adapta. Taa zote 72 ziwake kwa mwanga sawa. Zisipowaka, zima na uangalie kama + na − zimepishana. Usiwashe mkanda ukiwa bado umezungushwa kwenye roli, kwani joto hukosa pa kutokea.

Hatua ya 6: Kubandika. Safisha kuta za ndani za sanduku kwa kitambaa kikavu, ondoa karatasi ya nyuma ya mkanda, na uubandike ukibonyeza polepole. Vumbi na joto hudhoofisha gundi hii, hivyo ongeza vishikio vidogo vya plastiki kila baada ya sentimita 10 hivi. Funga waya unaotoka nje kwa kishikio kimoja imara, ili mtu akiuvuta, mvuto usifike kwenye viungio.

Hatua ya 7: Saa mbili za uangalizi. Funga mgongo, ingiza bamba la plastiki, kisha iwashe taa ukiwa chumbani kwa saa mbili. Kila nusu saa gusa adapta kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa ni ya moto kiasi kwamba mkono hauwezi kubaki juu yake, au kuna harufu ya plastiki inayoungua, chomoa na usiitumie tena adapta hiyo.

Hatua ya 8: Kutundika. Toboa ukuta kwa ajili ya skrubu na vishikio vyake vya plastiki. Usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi kwa mstari wa wima, kwa kuwa nyaya za ndani ya ukuta kwa kawaida hupita hapo. Adapta ibaki nje ya sanduku, mahali penye hewa, mbali na pazia, godoro na chandarua. Waya ubanwe ukutani mahali ambapo mtoto mdogo hawezi kuufikia.

8. Nyuso za kubadilisha

Uso wa kwanza unaweza kuchongwa kwa plaiwudi ya milimita 3 ukifuata mtindo wa nakshi za milango ya Zanzibar, kwa kutoboa maua na minyororo ambayo mwanga utapita. Wa pili unaweza kuwa na jina la mtoto au umbo la jahazi. Wa tatu unaweza kuwa fremu nyembamba iliyowambwa kipande cha kanga au kitenge. Kitambaa au karatasi vikae mbele ya bamba la plastiki, kamwe visigusane na mkanda.

Anayetaka kupunguza mwanga anunue kipunguza mwanga cha volti 12 na kukiweka kati ya adapta na mkanda. Asiunganishe adapta na swichi ya ukutani ya kupunguza mwanga iliyotengenezwa kwa ajili ya balbu, kwani vifaa hivyo viwili havipatani.

9. Mahali ambapo kazi yako inakoma

Baadhi ya watumiaji hupenda taa iwake kwa swichi ya ukutani, bila adapta kuonekana. Kazi hiyo huhitaji kufungua nyaya za volti 230, na si ya mwenye nyumba. Kazi za kufunga nyaya za umeme katika majengo husimamiwa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na kwa Tanzania Bara mafundi wake hupewa leseni na EWURA. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake kabla hajaanza. Fundi halisi hatakasirika kuombwa.

Vilevile, usiweke taa hii bafuni wala kwenye baraza linalopigwa na mvua. Usichomeke adapta kwenye waya wa nyongeza ambao tayari una pasi, jiko au jagi la umeme. Taa ikipata hitilafu na kuanza kuungua, zima swichi kuu ya nyumba na usimwage maji kwenye vifaa vya umeme. Toa watu nje, kisha piga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Mtu akipigwa na shoti, usimguse kabla ya kuzima umeme.

10. Gharama ya matumizi

Kwa kuwa adapta yenyewe hupoteza umeme kidogo, tukadirie kwamba taa yetu huchukua wati 7.2 kutoka kwenye soketi. Ikiwaka saa 5 kila siku kwa siku 30, itatumia 7.2 × 5 × 30 = wati-saa 1,080, yaani yuniti moja na ushei kwa mwezi. Balbu ya zamani ya wati 60 kwa muda huohuo ingetumia yuniti 9. Zidisha yuniti hizo kwa bei unayolipia kwenye LUKU, nawe utajua mapambo yako yanakugharimu kiasi gani.

11. Ukiuziwa kifaa kibovu

Acha kukitumia, lakini usikitupe. Hifadhi kifaa, pakiti yake na stakabadhi, na upige picha ya lebo. Rudi kwa muuzaji kwanza na ueleze tatizo kwa maneno machache na ya wazi. Asipokusikiliza, peleka taarifa ya ubora hafifu TBS, na ya bidhaa bandia au udanganyifu kwa Tume ya Ushindani (FCC), ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina wajibu wa kumlinda mlaji. Taarifa yako inaweza kuwa sababu ya shehena nzima kuchunguzwa kabla haijafika nyumbani kwa mtu mwingine.

12. Maswali ya kujipima

Swali la 1. Unataka kutengeneza taa hiihii ya mita 1.2 kwa mkanda wa rangi tatu wa wati 14.4 kwa mita. Unahitaji adapta gani?
Jibu: 1.2 × 14.4 = wati 17.28. Ukiongeza robo unapata wati 21.6. Gawanya kwa 12, unapata ampea 1.8. Nunua adapta ya volti 12 na ampea 2.

Swali la 2. Mzazi wa mfano wetu, mwenye roli zima la mita 5, alihitaji adapta gani?
Jibu: 5 × 14.4 = wati 72. Ukiongeza robo unapata wati 90, ambazo ni ampea 7.5 kwa volti 12. Adapta yake ya ampea 2 ilikuwa pungufu mno.

Swali la 3. Muuzaji anakwambia, "Chukua huu, hauhitaji adapta." Utamjibu nini?
Jibu: Utamshukuru na kumrudishia.

Msomaji ataona kwamba hesabu zote za somo hili zinatosha nyuma ya bahasha, na hazizidi kuzidisha na kugawanya. Zifanye nyumbani kabla ya kutoka, uandike jibu kwenye karatasi, kisha uende nayo dukani. Mnunuzi anayeingia dukani akijua anahitaji "adapta ya volti 12, ampea 1" huuliza swali moja na kupata jibu moja. Anayeingia bila namba hupewa kilichopo, kisha hukipeleka chumbani kwa mwanawe na kuzima taa nyingine zote.